Vichwa Arobaini na Kimoja

Fundi wa vitabu wa maktaba yetu alianza maisha kwa kuchora vibao vya vinyozi. Nalisema hili mapema kwa sababu yote yaliyomfika yanatokana na hapo, na kwa sababu mkaguzi hakuliuliza.

Kwa miaka kumi na miwili alichora vichwa. Vya wanaume vilinyolewa pembeni na kuachwa bapa juu, vya wanawake vilisukwa, na vyote viligeuzwa kidogo kushoto, vikitazama mbali kama watu wanaosubiri kuitwa. Kisha vinyozi wakagundua mabango ya kuchapishwa kwa mashine, naye akaja kwetu kuomba kazi ya kufagia. Mkuu wa maktaba wa wakati ule alimwona anavyoshika gundi, akampa meza. Miaka kumi na minne baadaye bado alikuwa akisaini mkataba wa mwaka mmoja mmoja, kila Januari, na hakuna aliyeona ajabu, mimi nikiwemo.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya rafu za sheria, mahali palipokuwa stoo ya mafagio. Alikuwa na meza, taa, sindano kubwa, uzi wa katani, sufuria ya gundi ya unga wa ngano aliyoipika mwenyewe kila Jumatatu, na jeki ya gari aliyoigeuza kuwa chombo cha kubania majalada. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimpa habari ya msiba alisema "Aha." Ukimpa habari ya harusi alisema "Aha" vilevile, na ilikuwa juu yako kujua ipi ina pole na ipi ina hongera.

Mimi nakaa dirishani. Napiga muhuri wa tarehe na natunza daftari la uharibifu. Watoto wananiita Mama Muhuri na wanadhani sijui. Kwa miaka kumi na tisa nimetoa vitabu bila kuvisoma, maana mtu wa dirishani akianza kusoma, foleni inafika barabarani.

Vitabu vya watoto tunaletewa kwa makasha, msaada kutoka mbali. Ni vitabu vizuri, karatasi nzito, rangi kali. Ndani yake kuna theluji na watu wenye mashavu mekundu. Siku moja ya mvua, wasomaji hawapo, mimi na Fundi tulipekua picha za rafu nzima kutafuta mtu mmoja tu anayeweza kuwa jirani yetu. Tulimpata. Alikuwa mchimbaji wa makaa ya mawe, na ukurasa wa mwisho anaoga. Fundi akasema, "Aha."

Mambo yalianza na kitabu cha binti mfalme. Mtoto wa miaka miwili, mdogo wake msomaji wetu mmoja, aling'oa kichwa cha binti mfalme ukurasa wa kumi na mbili akakila. Fundi aliziba tundu kwa karatasi safi, kazi ya kupitisha kidole usijue palipoungwa. Lakini binti mfalme akabaki amesimama kwenye ngazi za jumba, gauni zuri, kichwa hana. Kesho yake kitabu kikarudi.

"Shangazi," akaniuliza msomaji wa darasa la tatu, "huyu anaongeaje bila kichwa?"

Nilikirudisha kwa Fundi. Alifungua ukurasa wa kumi na moja, akauangalia uso wa binti mfalme, akajaribu kuuiga. Mara tatu akashindwa, pua ilikataa. Mwishowe alichora uso aliouzoea kuliko zote, wa mkewe, kwa rangi yake ileile, nywele zimesukwa safi, kichwa kimegeuka kidogo kushoto. Tangu siku hiyo binti mfalme alianza kupanda ngazi akiwa mweupe, akafika juu akiwa mweusi, akashuka ukurasa wa kumi na tatu akiwa mweupe tena. Hadithi haikudhurika.

Mkewe alipopata habari alikuja mwenyewe, kikapu mkononi. Aliutazama ukurasa muda mrefu.

"Yaani miaka ishirini na sita ya ndoa," akasema, "na shingo yangu bado huijui?"

Akaondoka. Kesho yake alirudi na dada zake wawili kuwaonyesha.

Kabla ya hapo nilikuwa naandika vitabu viwili au vitatu vilivyochanika kwa mwezi. Wiki mbili baada ya binti mfalme niliandika kumi na tisa, na vyote vilichanika pale pale, shingoni kwenda juu. Panya hawali hivyo.

"Kitabu kimefanyaje?" nilimuuliza mmoja.

"Kimechanika, Shangazi."

"Chenyewe?"

"Kilikuwa kwenye begi."

"Na begi lina meno?"

Alifikiri. "Kidogo."

Nilipiga kelele, nikawatisha watoto kwamba nitawaita wazazi wao, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nawapeleka nyuma kwa Fundi mmoja mmoja, na roho yangu ilikuwa kwatu. Aliwaketisha kwenye kigoda. Alichanganya rangi kwenye kifuniko cha kopo, akachora mstari mdogo kwenye mkono wa mtoto, chini ya kiwiko, akatazama kama umezama kwenye rangi ya ngozi au umejitenga. Usipozama, alichanganya upya. Ndivyo alivyozoea kulinganisha rangi mpya na ya zamani kwenye mlango wa kinyozi. Watoto walikataa kunawa mikono hiyo kwa siku kadhaa, kwa hiyo mimi dirishani nilijua nani amechana nini bila kuuliza.

Binti wa muuza vitambaa, ambaye ukoo wao uko hapa tangu enzi za babu wa babu yake na bado anaulizwa kwao ni wapi, alitaka kuwa nahodha mwenye msuko mmoja hadi kiunoni. Akawa. Mtoto wa mhandisi wa barabara, mgeni, ambaye wenzake walivuta pembe za macho yao kwa vidole na kumzomea kila alipopita, alikaa kwenye kigoda dakika kumi bila kupepesa. Fundi alimchora mfalme. Wale wavuta macho waliazima kitabu hicho na wakanyamaza wiki nzima. Wiki iliyofuata waliendelea, nisiseme uongo, lakini kwa sauti ya chini. Na kila aliyechorwa, awe nahodha, mfalme au mwokaji mikate, alikuwa na nywele safi kupita kiasi, maana Fundi hakujua kuchora nywele ambazo hazijatoka kwa kinyozi.

Mmoja tu kati ya wasomaji wetu wa kudumu hakuwa na mstari mkononi. Tulimwita Kofia. Alikuwa na miaka tisa, ana ualbino, na kofia yake pana haikutoka kichwani ila wakati wa kusoma, kwa kuwa alisoma pua ikigusa karatasi na ukingo wa kofia ulimzuia. Mama yake alimwambia vitabu vya maktaba ni vya watu, havichanwi, naye akaelewa hivyo hivyo. Kila Jumamosi alisimama mbele yangu.

"Shangazi, hakuna kilichochanika chenyewe?"

"Hakuna."

"Basi nitakuja Jumamosi."

Siku moja wavulana walimwambia aache kujisumbua. "Wewe mbona umo tayari? Humo wote weupe."

Kofia hakukasirika. Aliwafungulia ukurasa wenye watoto wanaokimbia ufukweni. "Hawa wanacheza juani kichwa wazi," akasema. "Mimi siwezi. Haya, nionyesheni mimi ni yupi."

Wavulana wakainama, wakatafuta kweli, hawakumpata. Maneno yale yaliniuma sana. Ningeweza kuinuka, kuingia stoo, kutafuta kitabu chochote kibovu. Sikuinuka, nilikuwa na foleni.

Sasa nifike mahali ninapoona haya. Kila miezi mitatu napeleka taarifa ya uharibifu ofisi kuu. Safari hii niliandika: "Vichwa arobaini na kimoja vimechanwa. Vyote vimerekebishwa na Fundi, kwa ustadi mkubwa, kwa sura za wasomaji wenyewe." Nilidhani namsifia. Nilidhani watamwona na kumpa ajira ya kudumu, apate pensheni kama binadamu wengine. Walimwona. Wiki iliyofuata alishuka mkaguzi.

Kikao kilifanyika kwenye meza ya watoto kwa kuwa ndiyo iliyokuwa wazi, sote magoti yakigusa kidevu. Mkaguzi alifungua kitabu cha binti mfalme.

"Huyu ni mmoja au wawili?"

"Mmoja," akasema Fundi.

"Ukurasa wa kumi na moja ni mweupe."

"Ndiyo."

"Wa kumi na mbili ni mweusi. Wa kumi na tatu mweupe tena. Kwa nini?"

"Wa kumi na mbili ndio uliochanika."

Mkaguzi aliandika. Yeye mwenyewe, kwa sura, alifanana zaidi na ukurasa wa kumi na mbili, lakini hilo halikuwa na nafasi kwenye fomu yake.

"Hivi vitabu tumepewa," akasema. "Waliotupa wakija wakaona, watasema nini?"

"Hawajawahi kuja kuazima," nikasema mimi. Akanitazama hadi nikainamisha macho.

Alitoa uamuzi palepale. Nyuso zote zirudishwe kama zilivyokuwa. Fundi aliurudia ukurasa wa kumi na moja, nikajua anawaza kazi, si jeuri.

"Siwezi," akasema. "Nilijaribu mara tatu. Wale watu siwajui, nitawakosea."

"Na hawa unawajua?"

"Hawa wamekaa kwenye kigoda."

Vitabu arobaini na kimoja vikafungiwa kabatini hadi ofisi kuu itakapoamua. Fundi akaambiwa mwisho wake ni Ijumaa. Alisema "Aha," na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne sikuhitaji kubahatisha maana yake. Nilikwenda chooni nikalia. Nilirudi nikavipiga vitabu vya watu muhuri wa tarehe isiyo yenyewe.

Alhamisi nilimtumia Kofia salamu kwa watoto wa mtaa wao: njoo kesho, usingoje Jumamosi. Ijumaa alifika saa tisa na nusu, sare ya shule, kofia, anahema.

"Kimechanika?"

Nilikuwa nimepekua rafu zote tangu asubuhi. Miezi mitatu watoto wameharibu kila kitu, na siku ninapokitafuta hakuna hata kilichokunjika kona.

"Hakuna, mwanangu."

"Basi nitakuja..."

"Fundi anaondoka leo. Hatarudi."

Mkononi alikuwa na kitabu alichokuja kurudisha, kimejaa watu wenye vichwa. Alikitazama. Nami nilimtazama, na nakiri niliomba kimoyomoyo akichane. Angekichana ningegeuka kutafuta kalamu. Kofia alikinyoosha ukingo uliokuwa umepinda kidogo, akakiweka dirishani kwangu taratibu, akaanza kuifunga kamba ya kofia chini ya kidevu ili atoke juani.

Hapo nikashindwa. Pembeni yangu palikuwa na kitabu kipya cha malkia, kimetoka kwenye kasha Jumanne, hata muhuri hakijapigwa. Nilikifungua katikati, nikashika kichwa cha malkia kwa vidole viwili, nikavuta. Sikujua karatasi nzito ina sauti kubwa kiasi hicho. Chumba kizima kiligeuka. Kofia alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Shangazi! Umechana!"

"Nimeona. Mpelekee Fundi kabla hajamaliza kufungasha."

Nilifunga dirisha, saa za kazi, watu wakiwa kwenye foleni, nikamfuata. Jeki ilikuwa imeshaingia kwenye gunia. Fundi alikitazama kitabu, akanitazama mimi, akawasha tena taa. Aliziba tundu kwanza, akalikausha kwa joto la taa, ndipo akachukua mkono wa Kofia. Mstari wa kwanza ulikuwa mwekundu mno. Wa pili ukawa na umanjano. Alichanganya mara sita, na sijawahi kumwona akichanganya zaidi ya tatu. Wa sita ulipokauka tuliutafuta mkononi hatukuuona.

"Macho yako hayatulii," akasema.

"Yanatembea yenyewe."

"Basi nitayachora yakitembea." Sijui alifanyaje, lakini aliyachora. Aliweka kope nyeupe, moja moja, na madoa ya jua puani, baada ya kuyahesabu. "Taji au kofia?"

"Kofia," akasema Kofia. "Taji halina kivuli."

Akamchorea kofia pana, na kikawa kichwa cha kwanza cha Fundi ambacho nywele zake hazikuonekana kabisa.

Kofia alipokea kitabu, akasogeza pua kwenye karatasi, akakaa hivyo hadi nikaanza kuwaza watu wa foleni. Hakucheka, hakushukuru. Aliinua uso akaniuliza mimi, si Fundi.

"Huyu anafanya nini kwenye hadithi?"

Sikujua. Niliangalia maneno yaliyo chini ya picha. "Anatawala nchi."

"Watu wake wanamtaka?"

"Inaonekana hivyo."

"Mwishoni hafi?"

Nilitaka kumjibu harakaharaka kwamba hafi, kama tunavyowajibu watoto. Lakini alikuwa ananitazama kwa macho yale yasiyotulia, na nikaona huyu haulizi mambo ya vitabu. Nikavuta kigoda, nikaketi, nikafungua ukurasa wa kwanza. Nilisoma kurasa zote thelathini na mbili, kila mstari, huku nje wakigonga dirisha, na Fundi amesimama na gunia lake begani, naye akisubiri.

"Hafi," nikamwambia.