Shikamoo Ninayomnyima Muuza Dawa

Pale Mkiwa kuna mwanamume wa rika la mama yangu ambaye simwamkii. Kwetu hilo ni zito kuliko tusi, ndiyo maana nimelichagua. Ana duka la dawa karibu na njia panda.

Tulikuwa tunapura alizeti. Mama alikuwa akivipiga vichwa kwa fimbo, kapi likaruka likamkwaruza jicho la kushoto. Kulipokucha jicho lilikuwa jekundu, limejaa matongotongo. Nikataka twende hospitali Singida mjini. Mama akasema alizeti haiwezi kulala nje, tupite dukani tu.

Yule bwana alilitazama jicho akiwa nyuma ya wavu wa kaunta, akatuwekea chupa mbili za matone.

"Hii ni antibayotiki tupu, inaua vijidudu ila inachelewa. Hii nyingine imechanganywa na steroidi. Hii ndiyo kiboko yake, shemeji. Kesho unaamka jicho jeupe."

Ushemeji wenyewe hakuna. Anawaita hivyo wateja wote.

Na kweli, wekundu ulikauka, maumivu yakapoa. Mama akamsifia kwa kila jirani, akarudi kwenye alizeti yake huku akiendelea kudondoshea ile ya steroidi. Kisha akaanza kuona ukungu, na juu ya mboni pakatokea doa jeupe kama chembe ya chumvi.

Hospitali, daktari wa macho aliomba kuiona chupa. Aliisoma. Steroidi inaondoa wekundu, alisema, haiondoi ugonjwa. Inailaza kinga ya mwili huku kidonda kikiendelea kula kioo cha jicho. Dawa ile ina kazi yake, lakini baada ya mtu kulichunguza jicho kwa mashine. Tena jicho lililokwaruzwa na mmea huweza kuingiwa na fangasi, na fangasi hawaogopi antibayotiki, na kwa steroidi wanastawi. Nilitamani kwenda kuung'oa ule wavu kwa mikono yangu.

Jicho halikupona. Majirani walikuja kumpa pole: heri kufa macho kuliko kufa moyo. Wote waliomwambia hivyo walikuwa na macho mawili, nimewatazama vizuri.

Mama hana kinyongo. "Dawa yake ilinituliza," husema. "Ya hospitali ndiyo ilikuwa inawasha." Akisema hivyo naye ananikera, karibu sawa na muuzaji wake.

Juzi mimi na mama tulikutana na yule bwana njiani. Alikuja kwa upande wa kushoto wa mama.

"Za siku, shemeji?"

Mama akageuza shingo yote kumtafuta, kama kuku anayemsaka mwewe angani. "Nzuri. Ni nani mwenzangu?"

Yule bwana alinikazia macho mimi, anasubiri shikamoo yake. Mama akanifinya mkono. "Mwamkie mkubwa wako, huna adabu?"

"Sogea kulia kwake, akuone," nikamwambia yule bwana. "Huku kushoto ulishapamaliza."