Poudre mbele ya mwaka kuisha

Bandugu ba Boyoma, leo nimetoka masomoni mweupe kama unga ya fufu!

Na kosa iko yangu kidogo.
Kwa mukutano ya bazazi, miye mwalimu nilisema: sasa tunafuata compétence, mutoto hangoje mwisho wa mwaka. Siku anaonyesha kama anajua kazi, siku ile anapita.

Bon, mama ya Moïse, mwanafunzi wangu, alisikia vizuri sana.

Leo asubuhi Moïse alipima bustani ya masomo peke yake, bila kukosa. Nikamwambia: "Umepita."
Habari ikafika kwabo mbio, na saa ya récréation, batoto banapumuzika, mama yake huyu hapa! Nyimbo, vigelegele, na poudre ya batoto, ule unga mweupe wa kupakaa, ile tunamwangia wenye kupita Examen d'État, mutihani ya kumaliza secondaire.
Akamwangia Moïse, akanimwangia miye, akamwangia darasa lote.

Directeur akasimama kwa mulango:
"Maître, iko nini hapa?"
"Iko compétence, Monsieur le Directeur."

Alors Espérance, mwenye kupima kulikuwa kunamushinda kila mara, akasimama na kichwa cheupe:
"Maître, nipe mètre ya kupimia. Poudre iko tayari kichwani."

Tukatoka inje. Akapima, hakukosa.

Bazazi, mbele ya kumwaga muulize kwanza! Ao munasema je?

Espérance alirudi kwabo bila kujipangusa.