Maziwa ya Felista Yaliyomwagwa Yangali na Joto

Abdulatif, mpimaji wa kituo cha maziwa, aliyamwaga maziwa ya Felista chini mbele ya foleni nzima. Laktomita, kile kipimo kipya cha kioo kinachoelea, ilikuwa imezama kupita alama.

"Mama, hapa umetuletea mto," alisema.

"Kumbe mbuzi wake anakamuliwa bombani," mtu alidakia nyuma, na foleni ikacheka.

Jina lake likaandikwa kwenye karatasi na kubandikwa mlangoni: mchanganya maji. Akirudia, atafutwa kituoni.

Felista ni mjane anayeishi Mgeta, mfugaji wa mbuzi kwa miaka ishirini. Nyumba yake iko hatua chache chini ya kituo, lakini asubuhi ile alitamani ardhi ipasuke kabla hajafika. Jumapili alikaa benchi la mwisho kanisani, kitenge kimemfunika mpaka machoni. Hata hivyo, aibu iliyomla zaidi ni ile aliyojitakia mwenyewe, kwani alipofika nyumbani alimgeukia Judith, mkaza mwana wake, ambaye ndiye hukamua.

"Umesuuza kidumu ukaacha maji?"

"Hapana, mama. Nilikikausha."

"Basi kipimo ndicho kinachosema uongo?"

Tangu hapo, kabla ya kukamua, Judith alikiinamisha kidumu mbele ya mkwewe ili aone hakidondoshi hata tone. Kila asubuhi Felista alitazama pembeni.

Wiki iliyofuata, asubuhi waliyothubutu kwa mara ya kwanza kupeleka tena maziwa, mvua iliwazuia kutoka. Wakakitumbukiza kidumu katika mfereji wa bustani, maziwa yasiharibike, na mvua ilipokatika wakapanda nacho kituoni. Laktomita ikasimama juu, imara.

"Leo umetuogopa, mama," Abdulatif alisema.

"Mbuzi ni walewale, mwanangu, na mkono ni uleule," Felista alijibu taratibu. "Leo yamepoa, basi."

Na kutopoa ndiko kulikokuwa kosa lake siku ile. Laktomita huelea pale uzito wa maziwa inayoyasukuma unapolingana na uzito wake. Maziwa mazito huibeba juu. Mepesi huiacha izame. Maji huyafanya maziwa kuwa mepesi, lakini joto nalo huyatanua yakawa mepesi vilevile. Wanaotoka mbali hufika na maziwa yaliyopoa njiani. Felista, jirani wa kituo, aliyafikisha na joto la kiwele. Aliadhibiwa kwa kuwahi.

"Hilo hatukufundishwa," Abdulatif alisema, macho chini. Karatasi ikabaki mlangoni.

Jikoni, Felista alikishika kidumu Judith alipotaka kukiinamisha. "Acha, mwanangu. Nilikukosea." Hakuweza kumtazama usoni.

Yeye amekiri mbele ya aliyemkosea. Ninyi viongozi wa kituo, mliomwaibisha mbele ya kijiji, bandueni karatasi hiyo leo. Mwombeni radhi mbele ya foleni ileile iliyomcheka, na msimwage tena maziwa ya mtu kabla ya kuyapima joto.