Reli ya Maswali

Andika, na uandike kama ninavyosema. Baba yangu alikuwa Nyaga wa Njeru, mama yangu alikuwa Ciambaka binti Kathuri, nami nilizaliwa hapa Kanja, katika shamba ambalo sasa lina chai. Sikukaa katika dawati hata siku moja. Ninawataja wazazi wangu kwanza kwa sababu mtu anayetaka kudanganya huanza kwa kuficha alikotoka. Mimi sifichi. Haya nitakayoyasema yalinipata mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu zote, bila homa na bila usingizi.

"Mchana, Cucu? Watu huona mambo hayo usiku."

Mimi nyanya yako nimekuambia uandike, sijakuambia uulize. Hilo nalo liandike, ili watakaosoma wajue wewe ni mtu wa namna gani.

Babu yako Ngari, ambaye jina lake ndilo lako, alikuwa fundi wa redio mjini Embu. Kiswahili hiki nilikipata nyuma ya meza yake ya kazi. Mgeni mmoja aliyefundisha katika chuo alikuwa na treni ndogo, si za watoto, bali zile ambazo watu wazima huzijenga kwa miaka mingi. Siku ya kurudi kwao alimwachia Ngari vyote: reli, mabehewa, na injini moja ya kijani iliyozidi kidogo urefu wa mkono wangu huu. Huku kwetu reli haijafika hadi leo. Ya karibu ni ile ya Sagana. Ngari alizipanga juu ya mbao katika nyumba ya mwanetu Ireri, baba yako, na watu walikuja kutoka mbali kutazama injini ikiuzunguka mlima wa udongo. Walimtania wakisema, "Ngari, treni umeleta, sasa leta abiria."

Sikiliza namna kitu hicho kinavyofanya kazi, maana usipoelewa hapa hutaelewa mbele. Ndani ya injini kuna kipande chembamba kuliko ukucha, kinaitwa dikoda. Hicho ndicho sikio lake. Umeme uko relini wakati wote, na amri hupita humo humo ndani ya umeme. Kila dikoda ina nambari yake, na haisikii nambari ya nyingine. Inapotoka dukani huitikia tatu, kama mtoto mchanga ambaye bado anaitwa mtoto tu. Kisha mwenyewe huipa nambari ya kwake. Injini yetu iliitwa ishirini na saba.

Macho ya Ngari yalipoingia ukungu, mimi ndiye niliyekuwa mikono yake. Kulehemu dikoda hakuhitaji kusoma, kunahitaji kujua rangi. Waya mwekundu na mweusi huenda kwenye magurudumu. Wa machungwa na wa kijivu huenda kwenye mota. Mweupe ni taa ya mbele, wa njano taa ya nyuma, na wa buluu ndio unaozirudishia taa zote mbili umeme wake. Hayo nayajua hadi leo, na wewe uliyefika kidato cha nne huyajui.

Kuiandika dikoda, yaani kuipa nambari na tabia, kulifanywa kwenye kipande kifupi cha reli kilichotengwa na nyingine. Ngari alikiita reli ya maswali. Alibonyeza vitufe vya kisanduku chake kwa kupapasa, akauliza: wewe ni ishirini na saba? Ikiwa ndivyo, injini ilishtuka kidogo, mshtuko mdogo kama wa kuku aliyeguswa usingizini. Ikiwa sivyo, ilinyamaza. Yeye hakuona, kwa hiyo mimi niliweka kidole hiki cha shahada juu ya paa lake nikamwambia, "Ndiyo," au, "Imenyamaza." Jioni nyingi za ndoa yetu zilipita hivyo. Sikujua kwamba hayo yalikuwa mazungumzo, hata yalipokwisha.

Ireri alikwenda Uarabuni kufanya kazi ya ghala. Alimwacha mama yako Wawira akiwa na mimba yako. Kila mara alituma kifurushi, na ndani yake dikoda mpya zaidi, kwa maana alitaka injini ile ipate sauti, ipige honi kama treni ya kweli. Kifurushi cha mwisho kilifika Ngari akiwa kitandani. Hakukifungua. Tulimzika juma lile lile, na Ireri hakupiga simu. Tulipopiga sisi, simu yake haikupatikana, na haikupatikana tena.

Mwaka ukapita, na miezi juu yake. Baba yake Wawira akaja, mzee mstaarabu, akasema, "Mama Ireri, binti yangu si mjane wala si mke. Kama mumewe yupo, atangoja. Kama hayupo, mwachilie angali kijana. Jumamosi nitarudi nisikie neno lako." Nani angenipa neno hilo? Nilijua pia kwamba Wawira akienda atakwenda nawe, nami nitabaki na mbuzi wawili na treni isiyo na abiria.

Siku ile ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa saba, wakati wa baridi, wakati ukungu unaposhuka kutoka mlimani saa nane na usione hata mgomba ulio mlangoni. Wawira alikuwa amekupeleka kliniki. Nilifunga lango kwa waya, nikaingia katika nyumba ya Ireri, nikafungua kifurushi. Nilitaka kushika kitu alichokishika mwanangu, basi. Ndani mlikuwa na dikoda na karatasi iliyokunjwa. Kila dikoda ilikuja na karatasi ya kiwandani yenye nambari nyingi, na Ngari alizitunza zote. Nami niliikunja hii nikaitia katika mkebe wake wa ugoro. Kwa asiyejua kusoma, wino ni wino.

Nilitoa dikoda ya zamani, nikaiweka katika mkebe ule ule. Nikailehemu mpya, rangi kwa rangi, na spika yake. Nikaiweka injini relini, nikabonyeza mbili, nikabonyeza saba. Kimya. Nikarudia. Kimya. Mara ya tatu, kimya.

Hapo nikasikia hodi.

Alikuwa mtu wa makamo, koti limefungwa vifungo vyote, kofia mkononi. Alinisalimu kwa Kiembu cha wazee, kile ambacho hata mimi nilikisikia kwa nyanya yangu tu.

"Nilikuwa nikipita barabarani," akasema, "nikasikia ishirini na saba anaitwa. Ameitwa mara tatu, hakuitika. Nikajua hapa ni kwa Ngari."

Wewe unayesoma, nijibu: nilikuwa nimeita kwa kinywa gani? Nilibonyeza vitufe, midomo imefungwa.

"Wewe ni wa nani?" nikamwuliza, kwa maana huku kwetu mtu huulizwa ni wa nani kabla ya kuulizwa anatoka wapi.

"Mimi ni wa kazi hii hii," akasema.

Hilo halikuwa jibu, nami niliacha lipite. Mtu aliyekaa peke yake siku nyingi hufungua mlango kwanza, akafikiri baadaye. Nikampa kiti. Nikampa chai, akasema chai atakunywa kwao.

Alikaa mbele ya meza kana kwamba aliijua. Akachukua chuma cha kulehemu, ambacho kilikuwa bado kinawaka, na niamini ninapokuambia, alikishika upande wa moto. Alikishika kama wewe unavyoishika kalamu hiyo. Ngozi yake haikutoa sauti wala harufu. Akaitoa dikoda mpya, akaigeuza kiganjani.

"Hii haina jina," akasema. "Haijui chochote cha nyumba yako. Ile iliyo mkebeni imeishi nanyi. Nipe."

Sikuwa nimemwambia habari ya mkebe. Nikampa.

Aliilehemu ya zamani mahali pake, akaiweka injini kwenye reli ya maswali, akausukuma mbali kisanduku cha vitufe. "Weka kidole," akasema. "Uliza kwa kinywa chako. Lakini kumbuka sheria, Mama Ireri. Injini hujibu yaliyoandikwa ndani yake tu."

Nikaweka kidole. "Aliyekuandika ni Ngari?" Ikashtuka.

"Ireri ni mwanangu?" Ikashtuka.

Mimi ni mtu wa kanisa tangu ujana wangu. Nilijua ninachokifanya kinaitwaje, na nilijua wazee wa zamani walikifanya kwa vibuyu na mbegu. Sikuacha.

"Ireri amekufa?"

Ikanyamaza. Nilingoja mpaka nikasikia ukungu ukidondoka kwenye majani nje.

"Ireri yu hai?"

Ikashtuka, mara moja, chini ya kidole changu, kwa nguvu kuliko siku zote.

Nililia. Sikulia siku ya kumzika Ngari, lakini siku ile nililia mbele ya mgeni.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia."

"Na sheria umeisikia?"

"Nimesikia," nikasema, na ilikuwa kweli, kwa masikio tu.

Akaifunga dikoda mpya ndani ya ngumi. "Hii isiyo na jina haikufai. Niachie mimi." Nikamwachia. Angeomba mbuzi wote wawili ningempa. Akavaa kofia akatoka. Nilichukua mkungu mdogo wa ndizi nikamfuata nimpe, kwa maana mgeni haondoki mikono mitupu. Njiani hapakuwa na mtu. Lango lilikuwa limefungwa kwa waya, kwa fundo langu mwenyewe, lile ambalo hufungwa kutoka ndani.

Jumamosi mzee alirudi. Nikamwambia, "Mwanangu yu hai."

"Umejuaje, Mama Ireri?"

"Nimejua."

Mzee akamtazama binti yake. Wawira akanitazama mimi. Kisha akasema, "Mama akisema yu hai, nitangoja."

Alingoja miaka tisa. Wanaume wema walikuja, akawarudisha. Alichuma chai yangu, aliniogesha nilipougua, na kila mwaka sauti yake ilipungua kidogo. Nami nililala vizuri, kwa maana nilikuwa na jibu na nilikuwa na watu nyumbani.

Yaliyofuata uliyafanya wewe, ingawa hukukusudia. Ulikuwa umejua kusoma, ukawa unasoma kila kitu, hata mifuko ya sukari. Ukaufungua mkebe wa ugoro, ukaikunjua karatasi, ukaisoma kwa sauti mbele ya mama yako aliyekuwa akichagua maharagwe. Haikuwa ya kiwandani. Ulikuwa mwandiko wa baba yako.

"Baba, dikoda hii nimeiandika mwenyewe. Haiitwi ishirini na saba. Nimeipa siku na mwezi aliozaliwa mtoto, ili treni iwe yake. Kesho nalazwa, nitapasuliwa tumbo. Nisipopiga simu kufikia Krismasi, mjue. Wawira asiningoje. Mwambieni nimesema mimi."

Baadaye tulimpata mtu wa Manyatta aliyelala naye chumba kimoja huko. Alithibitisha. Ireri alikufa siku ya pili baada ya kupasuliwa, akazikwa huko huko na wageni wenzake. Siku ile ya ukungu alikuwa amekwisha lala ardhini mwaka mzima na zaidi.

Injini haikunidanganya. Ngari aliiandika dikoda ile ya zamani wakati mwanawe alipokuwa hai, na hayo tu ndiyo yaliyokuwa ndani yake. Mgeni naye aliniambia sheria waziwazi. Uongo wake ulikuwa mmoja: alisema ile mpya haina jina. Ilikuwa na jina, siku na mwezi wako wa kuzaliwa, lililotolewa na mkono wa mwanangu, naye alilijua, na ndilo alilolifuata.

Mama yako hakulia. Aliweka ungo chini, akasema polepole, "Mama, ujana wangu ulikuwa ndani ya mkebe wa ugoro." Nikamwomba msamaha. Akanijibu, "Nimekusamehe," akaenda kufunga nguo zake. Yuko Gachoka, anauza ndengu, na kila mavuno hunitumia debe moja. Debe hufika. Yeye hafiki. Wewe alikuacha kwa sababu ya shule, na shule imekwisha.

Kidole nilichoweka juu ya injini hakijahisi kitu tangu siku ile. Shika. Nimekitia katika uji wa moto, nimekitia katika maji ya mlimani, ni kama kidole cha mtu mwingine. Na mwezi wa saba, ukungu unaposhuka saa nane, injini ile hushtuka juu ya meza, nyaya zote zikiwa zimeng'olewa ukutani. Hushtuka mara moja, kama anayejibu. Sijui anaulizwa na nani.

Wewe unayesoma, kama kuna jambo linakusumbua, na karibu nawe kuna mtu aliye hai anayeweza kukusomea, mwombe. Usione haya. Mimi niliona haya kumwomba mke wa mwanangu anisomee karatasi, nikaenda kumwuliza asiyekuwa wa mtu yeyote.

Sasa wewe, Ngari, sikia ya kutunza. Barua ya baba yako iweke ndani ya Biblia yangu, si mkebeni. Injini usiiuze, na dikoda iliyo ndani usiitoe. Reli ya maswali nimekwisha ivunja. Vipande vyake uvitupe chooni, usimpe mtoto. Ukitaka kununua dikoda mpya, nunua, rangi nitakufundisha. Lakini siku yako na mwezi wako wa kuzaliwa usivibonyeze kamwe kwenye kisanduku kile, kwa maana iko nyingine inayoitikia nambari hiyo, nayo iko mkononi mwa mgeni yule. Na mtu akibisha wakati wa ukungu akisema amesikia ukiita, usimpe kiti.

Karatasi hii mpelekee mama yako wewe mwenyewe, kwa mkono.

Umemaliza? Basi nisomee, tangu jina la baba yangu, na usiruke neno.