Injini Iliyoachwa Wazi

Gurbachan Singh alikuwa na sheria moja kazini: aliyeifungua injini ndiye aifunge. Mkono uliolegeza boliti, alisema, unakumbuka ilikuwa imekazwa vipi, hata kama mwenye mkono amesahau. Siku za wiki alitengeneza mashine za kahawa huko Thika. Jumamosi mchana alirudi Ruiru, kwenye nyumba yake ya mabati nyuma ya stesheni ya reli, akavua shati, akabaki na fulana na kilemba, akaenda uani kwenye Shevrole.

Lilikuwa gari la Kimarekani la mwaka wa 1929. Mzungu mmoja wa Kalimoni alikuwa amelitupa bandani, na kuku walitagia kwenye kiti chake cha nyuma. Siku Gurbachan alipomfufulia mashine ya kumenya kahawa, yule Mzungu alimwambia achukue na lile bati lililoko bandani. Lilivutwa na ng'ombe mpaka Ruiru, Gurbachan akishika usukani kwa heshima zote, na wanawake waliokuwa wakirudi mashambani wakamuuliza kama ng'ombe wale wanakunywa petroli.

Magari ya zamani yale mifupa yake ni mbao, na mbao za hili zilikuwa zimeliwa na mchwa. Ndipo akaitwa Gerishon, seremala wa pale Ruiru, kwa kazi ya siku mbili. Akakaa miaka. Alichonga nguzo za milango kwa mti wa muiri, akazipiga randa mpaka mlango ukafungika kwa sauti ndogo, kama mtu anayefumba mdomo. Kisha akaanza kuuliza maswali ya injini. Kisha akaanza kuyajibu. Alikuwa na sikio. Aliegemeza ncha ya bisibisi kwenye injini inayonguruma, akaweka kipini sikioni, akafumba macho.

"Silinda ya tatu inalia, Kalasinga. Kama mtoto aliyenyimwa ziwa."

"Na ya nne?"

"Ya nne imeshiba, inacheua tu."

Gurbachan, ambaye hakumruhusu mtu mwingine yeyote amwite Kalasinga uani kwake, alicheka mpaka kilemba kikalegea.

Mwanzoni mwa 1954 waliona ni wakati wa kusaga valvu, ili injini isivujishe nguvu. Gerishon aliomba aifungue peke yake. Gurbachan akakunja mikono, akatazama. Gerishon akanyanyua kichwa cha injini, akatoa valvu moja moja, zote kumi na mbili, akazipanga kwenye ubao aliokuwa ameutoboa mwenyewe, kila moja kwenye tundu lake. Valvu husagwa pamoja na kiti chake, pale inapokaa kuziba, mpaka vikazoeana. Ukiipeleka kwenye kiti cha mwenzake, inavuja. Jua likashuka. Gerishon akafunika ubao kwa gunia safi, akanawa mikono kwa mafuta ya taa. "Nitamalizia Jumamosi," alisema.

Jumatatu asubuhi askari wa mkoloni, wakiwasaka wapiganaji wa msituni, walifunga barabara. Wanaume wakapangwa foleni mbele ya mtu aliyevikwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Gerishon alipofika mbele yake, gunia likatikisika kukubali kwamba ni mmoja wao. Akapandishwa lori, na lori likaondoka.

Jumamosi ikafika. Gurbachan alifunua ubao, akautazama, akaufunika tena.

Angeweza kuifunga injini ile kwa siku moja. Bhagwanti, mke wake, alijua hivyo, na ndiyo maana alichoka kungoja. Alikuwa ameweka nadhiri ya kwenda kusali kwenye gurudwara ya Makindu, naye alitaka kufika huko ndani ya gari lile, amevaa shali yake ya kijani, mumewe akiendesha.

"Sardarji, mimi nitafika Makindu nikiwa majivu," alimwambia.

"Hii si injini yangu kuifunga."

"Gari ni lako!"

"Gari ni langu. Injini ameifungua yeye."

Hakuweza kumwambia mengine. Kijiji alikozaliwa kule Punjab kilikuwa sasa upande wa pili wa mpaka uliochorwa India ilipogawanywa, na watu wake wengine hakujua walilala wapi. Huko kulikuwa kumefungwa bila yeye kuulizwa. Hapa, uani kwake, alikuwa na kitu kimoja ambacho hakingefungwa mpaka mwenyewe arudi.

Wangeci, mke wa Gerishon, alikuwa amehamishiwa pamoja na wenzake kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki, na kutoka ilikuwa kwa ruhusa. Alipopata ruhusa ya mara ya kwanza, hakwenda sokoni. Alisimama mlangoni pa uani na kikapu kitupu.

"Nimekuja kuona mahali alipoachia."

Gurbachan akamwonyesha. Injini ilikuwa wazi, na ndani ya mashimo yake sita mafuta yalimetameta kama maji kwenye visima vidogo. Akamweleza kwamba isipozungushwa itashikwa na kutu, akampa hendeli. Wangeci akazungusha. Bila kichwa injini haina pumzi, kwa hiyo ilizunguka kirahisi, vyuma vikipanda na kushuka kimya.

"Haifanyi kelele," alisema.

"Bado."

Tangu hapo, kila alipopata ruhusa, alikuja kuizungusha. Bhagwanti alimpikia chai ya maziwa na tangawizi. "Kaa, kunywa. Chuma haikimbii," alimwambia kwa Kiswahili chake cha jikoni. Habari za kambi ya kizuizini aliko Gerishon zilikuja vipande vipande, na vipande havikukubaliana: amehamishwa, anaumwa, amepona, hayupo kwenye kambi ile. Wangeci alizisimulia huku akizungusha hendeli, na mkono wake haukusimama hata habari ilipokuwa mbaya.

Sikukuu ya Diwali ikakaribia, na Bhagwanti akaanza kusafisha nyumba kama ilivyo desturi, kila chombo, kila kona. Akafika uani. Akafunua gunia, akaona vyuma vyeusi kwa masizi, akavihurumia. Alivitoa vyote kwenye ubao, akavisugua kwa majivu mpaka vikang'aa kama vijiko vya harusi, akavitia kwenye debe la samli. Ubao akautia motoni.

Gurbachan aliporudi kutoka Thika alipokelewa na tabasamu na debe. Alikaa chini, akamimina valvu mapajani, akazigeuza moja baada ya nyingine. Zote zilifanana.

"Nilitaka akirudi azikute safi," Bhagwanti alisema.

Wangeci alipokuja, alimkuta fundi bado hajaligusa gari. Hendeli ilikuwa na vumbi. Alipoambiwa, aliipangusa vumbi, akaishika.

"Bwana fundi, huenda hata yeye akarudi amechanganywa. Mtamkataa?"

Gurbachan akainuka, akaleta mafuta.

Gerishon alirudi mwaka wa 1958, wakati wa mvua. Aliingia uani nyuma ya mke wake, koti likimning'inia kama lililotundikwa msumarini, akageuza kichwa upande kila aliposemeshwa. Gurbachan alimkumbatia, kisha, kabla hata ya chai, akaleta debe la samli na kuungama kwa niaba ya nyumba yake. Bhagwanti alijificha nyuma ya pazia.

Gerishon alichungulia ndani ya debe. Mabega yakaanza kutikisika; wakadhani analia.

"Mama!" aliita kuelekea pazia. "Zimetakata kuliko mimi! Tutazisaga upya, Kalasinga. Zitazoeana."

Wakasaga, Jumamosi hadi Jumamosi, kwa unga wa msasa na mafuta, wakizungusha valvu kati ya viganja kama watu wanaopekecha moto. Gerishon akaifunga injini kwa mkono wake, boliti ya mwisho akaikaza polepole sana. Wangeci akashika hendeli. Safari hii ilimkatalia, ilikuwa na pumzi. Akavuta tena, na tena, na Shevrole ikakohoa, ikanguruma, mabati ya nyumba yakatetemeka. Bhagwanti alitoka mbio, shali ya kijani begani.

Gerishon akachukua bisibisi, akaweka kipini sikioni, akafumba macho kama zamani. Akabadilisha sikio. Akabadilisha tena. Kambini walikuwa wamempiga sana upande mmoja wa kichwa, sikio la upande huo likafa, na lile jingine lilikuwa likizimika taratibu. Hakuwa amemwambia mtu.

Gurbachan aligeukia upande mwingine, akajifanya anatafuta kitambaa.

Gerishon akampa mke wake bisibisi. Wangeci akainama, akaweka kipini sikioni, akasikiliza kwa muda mrefu kile alichokizungusha kimya miaka yote ile.

"Inasemaje?" Gerishon aliuliza, kwa sauti kubwa kuliko alivyodhani.

Wangeci akamsogelea, akaweka mdomo karibu na lile sikio lililobaki, akaanza kumweleza, ya kwanza, ya pili, ya tatu.