Kadi za Kukwangua za Wadi Kabir

Mwaka aliostaafishwa mume wangu, supamaketi moja yenye matawi mji mzima ilianza kugawa kadi za kukwangua. Ukinunua vitu vya kiasi fulani keshia anakupa kadi. Ukinunua zaidi anakuongeza. Unaikwangua palepale kwa ukucha au ufunguo, na chini ya rangi ya fedha unakuta picha ya zawadi, au, mara nyingi zaidi, maneno ya kukutakia heri siku nyengine. Mlangoni mwa kila tawi waliweka ubao wenye picha za zawadi za tawi lile, na zawadi ikishatoka wanaipiga muhuri mwekundu. Kwa hiyo mtu akisimama pale akasoma, anajua kilichoondoka na kilichobaki.

Mume wangu alisimama akasoma.

Alikuwa fundi wa mashine za maji serikalini tangu ujana wake. Barua ya kustaafu ilikuja pamoja na za wenzake wa rika moja, ikiwashukuru wote kwa maneno yaleyale. Wiki za mwanzo alilala. Baadaye akaanza kunifuata jikoni na kuniuliza kwa nini vitunguu vinakaa karibu na jiko, na nani kaamua visu viwe kwenye mtoto wa meza wa kushoto. Mimi nilikuwa nasomesha hesabu skuli ya wasichana mtaa wa Mawaleh, na nyumba yetu iko mtaa wa Al Khoudh. Nilikuwa nikirudi mchana miguu imevimba na mkoba umejaa karatasi za kusahihisha, namkuta mlangoni, kanawa, kavaa kanzu iliyopigwa pasi, hana pa kwenda.

Siku moja alikaa mbele yangu nikiwa nasahihisha.

"Mwalimu," akasema. Huniita hivyo akiwa na haja. "Hebu nisaidie hesabu. Tuseme pana sanduku la kadi. Zawadi kubwa haijatoka, na watu kila siku wanachukua kadi. Si bahati inazidi kukaribia?"

Sikuinua kichwa. "Kama kadi zinapungua na zawadi iko palepale, ndiyo, inakaribia. Lakini hujui kadi zimebaki ngapi. Ubao unakwambia zawadi tu, haukwambii kadi."

"Lakini inakaribia."

"Inakaribia kama mtu anayekwenda Makka kwa miguu akishatoka nje ya mlango wake."

Alicheka sana, na nilifurahi, maana alikuwa hajacheka kitambo. Lakini katika maneno yangu alichukua nusu ya mwanzo tu.

Tangu hapo akawa anazunguka matawi. Jioni ananiletea habari kama mtu aliyetoka kazini. Tawi la kwetu Al Khoudh halina maana tena, wanafunzi wa chuo wamekomba kila kitu, yamebaki mabirika ya umeme na mataulo. La Mawaleh televisheni ilikuwepo hadi Jumapili, keshaichukua mtu. Lakini Wadi Kabir, akaniambia kwa sauti ya chini kana kwamba jirani anasikiliza, Wadi Kabir gari halijatoka. Na mashine ya kufulia pia.

"Kule wateja ni wafanyakazi wa gereji," alinieleza. "Mtu ananunua mkate na mayai, hafikii kiasi cha kupewa kadi. Ndio maana zawadi zimebaki."

"Basi na kadi zimebaki," nikamwambia. "Kama hawapewi kadi, sanduku limejaa. Hapo umepata nini?"

Aliifikiria. Hicho ndicho nilichokipenda kwake tangu tulipooana, kwamba ukimpa hoja huipima kwanza. Kisha akasema, "Sanduku nimeliona. Kadi zimeshuka ndani yake."

Nyumba ikaanza kujaa. Magunia ya mchele yakalala ukutani, madumu ya mafuta yakapanga foleni chini ya ngazi, makopo ya nyanya yakapanda juu ya makabati hadi karibu na dari. Sabuni ya unga ilikuwa nyingi hata nikifungua mlango wa stoo napiga chafya. Shoga zangu walipokuja walidhani tuna harusi.

"Hii si kamari hii?" nilimuuliza usiku mmoja baada ya Isha.

"Kamari unatoa pesa kununua bahati. Mie nnanunua mchele. Kadi napewa bure."

"Na mchele tunauhitaji?"

"Mchele hauozi."

"Na mafuta?"

Akajikohoza. "Nimemuuliza imamu. Kasema ukinunua haja yako hapana ubaya."

"Ulimwambia haja yetu ni madumu mangapi?"

Aliinuka akaenda kupanga makopo ya nyanya, ambayo yalikuwa yamepangwa tayari.

Ningeweza kuendelea, lakini sikuwa na nguvu ya kugombana. Mwaka ule nilichoka uchovu ambao usingizi hauupunguzi. Nilichoka na darasa, nilichoka na joto, na zaidi nilichoka kumwangalia mtu mzima akitafuta pa kujiweka ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nilikuwa nikipita sebuleni haraka ili nisione.

Mara moja tu nilimuuliza sawasawa. Tulikuwa tumekaa nje, magari yetu mawili yako mbele yetu chini ya kivuli.

"Wewe kweli unalitaka lile gari?"

"Silitaki."

"Sasa unataka nini?"

"Kila mwezi pesa zinaingia na mie sikufanya kitu. Nnataka mkono wangu uguse kitu, kitu kitokee. Basi."

Alhamisi ya mwisho ya zile kadi nilikuwa nimesimamia mtihani tangu asubuhi. Niliporudi nilimkuta mlangoni na ufunguo mkononi.

"Leo twende sote Wadi Kabir. Kesho wanafunga."

Nilikwenda kwa sababu kukataa kulihitaji maneno mengi kuliko kwenda.

Njia nzima aliendesha yeye, milima ikitusogelea kadiri tulivyokaribia. Wadi Kabir gereji zilikuwa bado wazi, watu wenye ovaroli zilizoloa jasho wanatoka kazini, harufu ya mpira na mafuta ya gari imetanda njiani. Ndani ya supamaketi gari la zawadi lilikuwa juu ya jukwaa lake, jeupe, limefungwa utepe, na vumbi limelikalia. Ubaoni zilikuwa zimebaki picha mbili bila muhuri, kama alivyosema.

Tulijaza kigari kwa vitu nisivyovikumbuka. Kwenye kulipia, keshia alitandaza kadi juu ya kaunta ili mteja achague mwenyewe. Mume wangu alikuwa na mawazo yake juu ya kuchagua: asichukue ya juu, asichukue ya mwisho, asichukue iliyokunjika. Alichukua muda. Nyuma yetu watu wakaanza kuguna. Mimi niliangalia sakafu.

Alikwangua kwa ufunguo, moja baada ya nyengine, bila pupa, kama anayefungua mashine. Heri siku nyengine. Heri siku nyengine. Kikombe cha plastiki. Heri siku nyengine. Alipomaliza, alikusanya kwa kiganja vumbi la fedha lililomwagika juu ya kaunta, akalitia kwenye karatasi ili keshia asipate taabu ya kufuta. Nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Nyuma yetu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sare ya wafanya usafi. Alikuwa ametusikia tukizungumza Kiswahili.

"Shikamoo mzee," akasema. Kwa lafudhi yake alikuwa mtu wa Tanzania bara. "Shikamoo mama. Mimi wamenipa kadi moja tu. Naomba unichagulie, mzee. Mkono wangu mzito, sijawahi kupata kitu."

"Marahaba. Huoni nilivyopata mie?" Mume wangu alimwonesha kile kikombe.

"Angalau umepata kikombe."

Alicheka, akasogea. Safari hii hakufikiri. Alinyoosha mkono akaokota kadi moja akampa, kama unavyompa mtu chenji yake. Yule mwanamke akaikwangua kwa ukucha, akaitazama, akampa keshia. Keshia akaitazama naye, akabonyeza kengele iliyokuwa chini ya kaunta.

Ilikuwa mashine ya kufulia.

Meneja alikuja mbio, watu wakapiga makofi, wakamsimamisha mbele ya ubao kumpiga picha. Picha ilipokwisha alitoka nje, akakaa ukingoni mwa njia na mfuko wake wa sukari na maziwa ya unga, akalia. Nilikaa karibu yake.

"Umepata, dada. Mbona unalia?"

"Nitaiweka wapi, mama? Chumbani kwetu tunalala kama dagaa. Bomba ni moja, la nje. Nimeuliza wanipe pesa badala yake, wamesema haiwezekani."

Mume wangu alikuwa amesimama na kigari chetu. "Iletwe kwetu," akasema. "Ikae mpaka ujue unataka kuifanya nini."

Aliniangalia mimi, si yeye, na nilimwelewa. Mwanamke aliye peke yake ugenini hapokei wema wa mwanamume asiyemjua. Nikampa namba yangu ya simu, nikamwambia nasomesha wapi, aje kesho, Ijumaa, aone nyumba na aone kila kitu.

Tulipokuwa tunarudi mume wangu aliendesha polepole mpaka tukakaribia nyumbani. Nilijua anafikiri nini, maana nami nilikuwa nafikiri hilohilo. Angeichagua kadi ile dakika chache kabla, ingekuwa yake.

"Mkono wangu ndio ulioiokota," akasema.

"Ndio wako."

"Basi haukufa," akasema.

Mwanamke alikuja Ijumaa. Tulikula, akaniambia ana mdogo wake Dar es Salaam anayefua nguo za watu kwa mikono, na mikono imeanza kumharibika. Nyumba anayokaa ina maji na umeme. Alitaka mashine iende kwake.

Hapo ndipo nilipomwona tena yule niliyeolewa naye. Alimtafuta wakala wa mizigo, akaenda kwake mpaka wakajuana. Alisoma kitabu cha mashine ukurasa kwa ukurasa, akaniita kunionesha kwamba pipa la ndani halina budi kufungwa boliti zake kabla ya safari, la sivyo litajipigapiga baharini na kuvunjika. Alinunua mbao akatengeneza kreti mwenyewe uani, kavaa singlendi na kikoi, vumbi la mbao limemjaa nyusi. Aliandika jina la mdogo mtu pande zote nne kwa rangi nyeusi. Niliporudi kutoka skuli nilimkuta amelala sakafuni kachoka, msumeno pembeni, na sikumwamsha.

Kontena lilichelewa. Akampigia wakala hadi wakala akaacha kupokea. Akawa mkali, hali vizuri, ananiuliza mimi meli iko wapi kana kwamba mimi ndiye nahodha. Nilimjibu vibaya siku mbili tatu. Hata wema unachosha, na wake ulinichosha kama kadi zilivyonichosha.

Mwisho mashine ilifika. Mdogo mtu alituma sauti kwenye simu ya dada yake, naye akatuletea. Mume wangu aliisikiliza amesimama jikoni. Sauti ya mwanamke kijana ilikuwa inamshukuru, inamwombea umri mrefu, nyuma yake mashine inanguruma na watoto wanapiga kelele. Alisema mashine nzima, ila kona moja imebonyea.

"Niliwaambia wale wa mizigo kona zifungwe sponji," akasema mume wangu. "Niliwaambia." Akairudisha akaisikiliza tena.

Gari la Wadi Kabir sikujua lilikwenda kwa nani. Tulipopita baadaye, ubao ulikuwa umeondolewa na mahala pa jukwaa pamewekwa maboksi ya maji. Mchele tuliula, mwengine tukautoa sadaka. Sitasema mume wangu alipona, kwa sababu siku zilirudi kuwa ndefu, na mara nyengine nilimkuta tena mlangoni na kanzu yake safi. Zawadi nyengine zilipotangazwa sehemu nyengine, alisimama akasoma ubao wake hadi mwisho, akaingia ndani akanunua mkate.

Skuli zilipofunguliwa aliniambia, "Asubuhi ntakupeleka mie. Mchana ntakufuata."

"Nina gari langu."

"Nnajua. Lakini unasinzia usukani. Nimekuona."

Ni kweli, nilikuwa nasinzia. Asubuhi ya kwanza alinifungulia mlango, akaweka mkoba wangu wa karatasi kiti cha nyuma. Msongamano wa kwenda Mawaleh ulikuwa mrefu, magari yanasogea kidogo kidogo. Niliegemeza kichwa kwenye kioo nikalala njia nzima, mpaka aliponigusa bega akaniambia tumefika.