Ng'ombe wa Mama Isihaka

Mama Isihaka alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na hakumnunua. Mwanawe Isihaka alichunga mifugo ya watu Mlandizi, ujira wake akapewa mtamba. Akamswaga kwa miguu mpaka nyumbani, njia nzima anacheka peke yake. Mwaka uliofuata akaenda vita vya Kagera, hakurudi.

Kijijini kwao, upande wa Msimbu, hakuna mwingine aliyefuga ng'ombe. Basi serikali ilipoleta mtambo wa gesi ya samadi, ili kina mama wapumzike na kuni, mwenyekiti Hemedi alibisha hodi kwake.

"Mama Isihaka, tuazime mnyama wako. Afungwe kwangu, karibu na mtambo."

"Kwa nini mtambo usijengwe hapa kwangu?"

"Hapa wageni watakaa wapi, dada yangu? Juu ya kinu?"

Aliokuja nao wakacheka, na Mama Isihaka naye akacheka. Macho yake yalikuwa yameshaharibika kwa moshi. Akakubali.

Kila asubuhi akawa anakwenda kwa Hemedi kuzoa samadi, anaikoroga na maji kwa mikono, anamimina katika shimo la mtambo. Bernard, fundi aliyetumwa na serikali, akamwambia, "Huyu mmoja atatosha birika la chai tu, mama. Wengine wataletwa." Pipa la chuma lililofunika shimo likawa linainuka taratibu, limejaa gesi. Mama Isihaka alilitazama kama anayetazama mtoto akisimama dede.

Siku ya uzinduzi akaenda kisimani kufua kanga yake njema. Aliporudi alikuta ngozi ya ng'ombe imetandazwa juu ya ua wa Hemedi. Alilijua lile baka jeupe la ng'ombe wake.

"Hemedi, umenifanya nini?"

"Sasa mgeni wa serikali tumlishe kisamvu? Tutajificha wapi? Amechinjwa kwa bismillahi, na ini lako nimekuwekea."

"Na kesho mtatia nini humo shimoni?"

Hemedi akaligeukia pipa. Ilionekana ndiyo kwanza jambo hilo linamjia.

Nyama ilipikwa kwa kuni. Gesi ilichemsha chai ya mgeni, moto wa buluu, watu wakapiga vigelegele. Bernard, sahani mkononi, akauliza ng'ombe yuko wapi. Watu wakaitazama sahani yake. Akaiweka sahani chini.

Haukupita muda moto ukazimika, na ng'ombe wengine hawakuletwa. Mkutanoni Hemedi akasimama. "Mama Isihaka amesusa kuzoa samadi. Watu kama hawa ndio wanaoturudisha nyuma."

Mama Isihaka aliwatazama jirani zake mmoja mmoja. Wote walikuwa wamekula ile nyama. Wakainamisha vichwa.

Akatoka. Akapita kwa Hemedi, akafungua kamba ya ng'ombe iliyobaki kwenye kigingi. Kesho yake akaenda porini, akafunga kuni zake kwa kamba hiyo. Mwishoni mwake kulikuwa na fundo alilolifunga Isihaka siku ile ya kutoka Mlandizi. Lilimkwaruza kiganja kila alipokaza. Hakulifungua.